Kugeuza Picha ya Shaali

Kabla sijakabidhi funguo, Zuhura, ambaye sasa anakalia meza yangu, aliniomba niandike namna tunavyoweka picha katika kurasa za tovuti yetu, ili watakaoajiriwa baadaye wasijifunze kwa kubahatisha kama tulivyojifunza sisi. Nilianza kwa nia njema ya kuwa mfupi. Nilipofika kwenye picha ya Shaali Omari niliona haiwezekani kueleza kwa nini faili yake ina jina ililo nalo bila kueleza yaliyotokea, na mwongozo ukanitoka mikononi. Msomaji mwenye haraka anaweza kuishia katikati. Wenye haraka sikuwahi kuwafundisha jambo hata nilipokuwa nao ana kwa ana.

Mimi niliingia katika nyumba ya nyaraka hapa Tanga kwa sababu ya hati, si kwa sababu ya kompyuta. Nilikuwa nimesoma chuoni, kisha nahau na sarufi ya Kiarabu kwa mashehe wa mjini, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusoma barua za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo wino wake ulikuwa umeanza kuila karatasi. Nilidhani nitastaafu na vumbi lile. Siku moja mkuu wa nyumba akaleta kompyuta na mtu wa kutufundisha, akatangaza kwamba picha tulizokusanya kutoka Pangani, Mwera na Maramba zitawekwa mahali ambapo kila mwenye simu ataweza kuzitazama.

Mtu huyo aliitwa Mwalimu Yonathani. Alikuwa Mlutheri wa Maramba, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mrefu, asiyevua koti hata katika joto la Februari. Somo lake la kwanza lilikuwa swali.

"Mwalimu Hemedi, picha hii iko wapi?"

Kwenye kioo palikuwa na picha ya gati la Pangani. Nikamjibu kwamba imo ndani ya ukurasa.

"Haimo. Ngoja niufunue."

Akabonyeza, na ukurasa ule ule ukatokea kama ulivyoandikwa, maandishi matupu. Mahali pa picha palikuwa na mstari mmoja tu:

<img src="picha/gati.jpg" alt="Gati la Pangani, pantoni imefungwa upande wa mjini." width="600" height="400">

"Hapa hakuna picha," alisema. "Kuna wito."

Nitaueleza mstari huo kama alivyonieleza, kwa kuwa sijapata maelezo bora zaidi. Mstari wa namna hii huitwa tagi. Neno img ndilo linaloita. Sifa ya src ndiyo anwani ya kuitia: folda iitwayo picha, na ndani yake faili iitwayo gati.jpg. Kivinjari, yaani programu inayotuonyesha kurasa, kikifika hapo huliita jina hilo katika anwani hiyo, na chochote kitakachoitika ndicho kitakachosimama mbele yako.

"Chochote?" niliuliza.

"Chochote chenye jina hilo. Kivinjari hakiulizi sura."

Nilicheka, lakini si sana. Mimi nimelelewa na bibi aliyenikataza kuitikia sauti ya kwanza inayoniita baada ya magharibi. Ngoja ya tatu, alikuwa akisema. Mwenye haja ya kweli hachoki kuita. Nilimsimulia Yonathani. Akaniambia, bila uso wake kubadilika, kwamba kwao mashambani nao walikatazwa hivyo hivyo, isipokuwa walikuwa na nyapara, na nyapara haiti mara tatu.

Sifa za width na height, upana na kimo, msiziache kamwe. Kivinjari kikizisoma hutenga nafasi kabla picha haijafika. Zisipokuwepo, maandishi huruka picha inapoingia, na msomaji hupotezewa mstari. Yonathani aliita jambo hilo kumtandikia mgeni. Majina ya faili yawe mafupi, yasiyo na nafasi katikati. Picha iliyotoka kwenye skana ipunguzwe ukubwa kwanza, maana anayeifungua akiwa Mwera analipia bando. Wala usiite picha iliyohifadhiwa katika tovuti ya mtu mwingine: siku akiiondoa au akiweka nyingine kwa jina lile lile, ukurasa wako utaonyesha kitu ambacho hukukichagua.

Nimeiacha alt mwisho kwa makusudi. Hayo ni maneno yanayosimama badala ya picha. Picha isipoitika, maneno huonekana. Na msomaji akiwa haoni, simu yake humsomea kwa sauti. Yonathani alikuwa mkali katika sifa hii kuliko zote. "Andika kilichopo," alisema. "Usiandike unachokijua wala unachokitamani. Kama mtu amesimama, andika amesimama. Usituambie ni mtu mwema." Nami niliyezoea kusahihisha nakala za hati neno kwa neno niliona nimempata ndugu katika elimu, ingawa yeye sala zake zilikuwa Jumapili.

Sasa niingie katika jambo ambalo hamtalikuta katika kitabu chochote cha kazi hii.

Katika nyumba nyingi za Pangani tulizozijua, mtu akifariki picha yake hugeuzwa uso ukutani mpaka matanga yaishe na watu wa nyumba watulie. Haukupita muda mrefu tangu tufungue tovuti, akaja mtu mmoja, akavua kofia mlangoni, akatuambia: "Baba amefariki. Nyumbani tumemgeuza. Kwenu nyinyi bado anatazama watu."

Mkuu wa nyumba alitaka tuifute picha. Yonathani akakataa, akasema kufuta si kugeuza. Akaenda kwenye folda, na mwisho wa jina la faili akaongeza neno imegeuzwa. Tagi hakuigusa. Kuanzia saa ile ukurasa ukawa unaita jina la zamani na hakuna wa kuitikia. Lakini kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeandikwa, fremu ilibaki mahali pake, na ndani yake maneno ya alt. Fremu ipo, jina lipo, uso haupo. Yule bwana aliutazama ukurasa, akasema ndivyo hasa, akavaa kofia yake. Baadaye alituarifu kwamba nyumba imetulia, tukalirudisha jina, na baba yake akaitika.

Tangu hapo ikawa desturi ya kazi, na sharti lake ni moja: anayeomba picha igeuzwe ni mtu wa karibu kabisa na marehemu, si mwingine. Mtaalamu mmoja alitukagua akaandika taarifa kwamba tovuti yetu ina picha zilizovunjika, akaambatanisha ushauri. Tulimshukuru.

Yonathani alipostaafu akarudi Maramba, kazi ikabaki kwangu na kwa Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wangu mwepesi kuliko wote na mwenye ulimi kuliko wote. Ndipo alipotupigia simu Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane wa Pangani, aliyepoteza macho ukubwani. Mwanawe wa pekee, Shaali, alikuwa mfunga kamba wa pantoni. Aliondoka kwenda kutafuta maisha Msumbiji, akaandika, akapiga simu, kisha kimya kikaingia na kikakaa miaka. Picha yake tulikuwa nayo, maneno yake niliyaandika mwenyewe: "Shaali Omari, mfunga kamba wa pantoni ya Pangani, amesimama gatini. Mkono wake wa kulia uko juu ya kamba. Anacheka." Mjukuu wa jirani alikuwa amemwekea bibi simu inayosoma, na kila asubuhi baada ya sala aliufungua ukurasa ule, akaweka kidole juu ya picha, akasikiliza.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmebadilisha maneno ya Shaali?"

"Hatujabadilisha."

"Leo simu inasema mkono hauko kwenye kamba."

Niliufunua ukurasa huku yeye akingoja. Maneno yalikuwa yale yale, na faili haikuwa imeguswa tangu siku nilipoiandika. Nikamwambia hivyo.

"Basi ni masikio yangu," alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba ni masikio yake.

Baada ya hapo alikuja ofisini Mzee Athumani, shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake. Alikuwa amechoka kwa safari, na chai tuliyompa aliiacha ipoe. Alitaka tumgeuze Shaali.

"Mzee wangu, aombe mama yake," nilimwambia.

"Mama yake hataki. Nimemwambia tumsalie mtoto sala ya ghaibu, kila mtu pale mtaani anajua hayupo tena. Ananijibu, simgeuzi mtu anayecheka." Akakiinamisha kichwa. "Mwalimu, mimi ni mzee. Nataka nimsalie mtoto wa ndugu yangu kabla sijasaliwa mimi. Nikifa naye hajasaliwa, nitamwambia nini baba yake?"

Sharti lilikuwa sharti. Akaaga akaenda zake.

Bi Mwanaidi alipiga tena. "Leo amekaa."

"Amekaa wapi, mama?"

"Haikusema wapi. Gati haikulitaja. Imesema amekaa."

Zuhura alikuwa akisikiliza. Yeye si mtu wa kutishika, na alikuja na dhana nzuri: siku hizi zipo simu zinazoitazama picha zenyewe na kubuni maelezo yao, nayo huweza kuwa ya ovyo. Niliifurahia dhana ile kuliko nilivyomwonyesha. Tukapanga kwenda Pangani tuikague simu.

Tulifika baada ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa karibu na kivuko, na honi ya pantoni ilisikika chumbani kana kwamba chombo kiko uani. Picha yenyewe, ya karatasi, ilikuwa imetundikwa ukutani, kioo chake kikiwa na ukungu wa vidole katikati. Mzee Athumani naye alikuwepo. Zuhura aliikagua simu bila pupa, kipengele baada ya kipengele. Haikuwa na uwezo wa kubuni kitu. Ilikuwa simu ya zamani, ilisoma ilichopewa.

"Binti," Bi Mwanaidi alimuuliza, "maneno haya alikufundisha nani kuyaandika?"

"Mwalimu Hemedi, bibi."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Na Mlutheri mmoja wa Maramba, mwenye koti."

"Basi hamna uganga hapo," alisema, akacheka, na hata Mzee Athumani akacheka.

Zuhura akaweka kidole juu ya picha. Sauti ya simu, ile isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikasoma: Shaali Omari, mfunga kamba wa pantoni ya Pangani, amesimama gatini. Mkono wake wa kulia uko juu ya kamba.

"Umesikia, shemeji?" alisema Mzee Athumani taratibu. "Amesimama. Mkono juu ya kamba."

"Nimesikia. Hapo inawasomea nyinyi." Akanyoosha mkono arudishiwe simu yake. "Na bado haikumaliza."

Ni kweli haikumaliza. Nilidhani Zuhura ameondoa kidole mapema, na nilipata haya kumuuliza mbele ya wenyeji. Nilimuuliza njiani, tukirudi.

"Sikukiondoa, mwalimu," alisema. "Nilikuwa nangoja ile anacheka."

Tulipoipita Tongoni tulizungumza habari za nauli.

Ofisini nilijaribu kila nilichokijua. Niliifungua picha kwenye simu ya Zuhura, kwenye yangu, kwenye kompyuta. Zote zilisoma mpaka neno la mwisho. Zuhura akashauri tuyaandike maneno upya, pengine kuna herufi iliyojificha. Tukayaandika upya, yale yale. Nilimpigia Yonathani Maramba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: kama nina hakika kwamba niliandika kilichopo. Nikamwambia ninayo. "Basi wewe umemaliza kazi yako," alisema. "Kinachoitika si kazi yako."

Simu ya tatu ilikuja asubuhi ya siku ya kazi ya kawaida, mtu wa usafi akiwa anapiga deki, na hadi leo harufu ya dawa ile ya sakafu hunirudishia sauti yake.

"Mwalimu, leo haisomi. Inasoma picha iliyo juu yake, inasoma iliyo chini yake. Ikifika kwake inapita kimya."

Niliivuta kibodi karibu.

"Mgeuzeni."

"Una hakika, mama?"

"Mwenye kumgeuza ni mimi, na ukutani nimeshamgeuza kwa mkono wangu. Bado kwenu. Nikikata simu hii nampigia Athumani."

Nililiongeza neno mwisho wa jina la faili, kama nilivyofundishwa. Nikaufungua ukurasa kuhakikisha: fremu ilikuwa tupu, na maneno yalikuwa ndani yake. Sala ya ghaibu ilisaliwa Pangani siku ya Ijumaa, nami nilikwenda nikasimama safu ya nyuma. Tulipotoka, Mzee Athumani alinishika mkono akauweka mkononi mwake muda mrefu. Habari ya uhakika bado hatukuwa nayo. Tulikuwa tumemsalia mtu kwa sababu simu ilinyamaza, na nilijua mashehe walionifundisha wangesema nini.

Habari ilikuja matanga yakiwa yamekwisha. Mwenyeji mmoja wa Pangani aliyekuwa kibarua pamoja na Shaali katika bandari ya Msumbiji alirudi na mkoba wake. Mimi na Zuhura tulikuwa tumekwenda kumuuliza Bi Mwanaidi kama wakati wa kuirudisha picha umefika, na hivyo tukayasikia kwa masikio yetu. Alisimulia akiwa ametazama mkeka. Shaali alikuwa na haya ya kurudi mikono mitupu, alisema. Ndiyo maana alinyamaza. Kisha akaumwa. Mkono wa kulia ulianza, ukafa ganzi, ukawa haushiki kitu. Halafu miguu; akawa mtu wa kukalishwa kwenye kiti, asubuhi mpaka jioni. Halafu uso ukavutwa upande mmoja.

"Sisi tulikuwa tunamtania ili acheke," alisema yule kibarua. "Akawa hawezi. Mwisho maneno nayo yakakatika, na siku zile zile akatutoka."

Zuhura alinitazama. Mimi niliitazama fremu iliyogeuzwa ukutani, mgongo wake wa kadibodi na msumari.

Bi Mwanaidi hakuuliza tarehe. Aliuliza hivi: "Alipokuwa amekaa, alikuwa anatazama wapi?"

"Mlangoni, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyehakikishiwa jambo alilokwisha kulijua.

Nimefundishwa kwamba habari inayopokewa kwa njia moja tu haijengewi hukumu. Aliyesikia yote alikuwa mmoja, naye ni mama. Kwa hiyo sitoi hukumu. Naeleza mpangilio tu: mkono, kukaa, kicheko, kimya. Sisi tuliusikia kwanza kutoka kwake, kisha kutoka kwa kibarua, na haukutofautiana.

"Mrudisheni sasa," alituambia tulipoaga. "Ila msimwite tena kwa jina lile. Kaitwa vya kutosha."

Ndiyo sababu faili ile, pekee katika folda nzima, haina jina la mwenye picha. Inaitwa mfunga-kamba.jpg, na katika tagi niliibadilisha src ifuate jina hilo. Maneno ya alt sikuyagusa. Kesho yake Bi Mwanaidi alipiga simu. "Amesimama," alisema. "Mkono juu ya kamba. Anacheka." Kisha akaongeza: "Mwacheni hapo hapo." Basi enyi mtakaokuja na bidii ya kupanga majina yafanane, faili hiyo muiache ilivyo.

Bi Mwanaidi na Mzee Athumani wote wametangulia, na picha zao tulizigeuza na kuzirudisha kwa wakati wake. Yonathani anaishi Maramba na koti lake. Macho yangu mimi yameanza kuingia ukungu; daktari anasema ni mtoto wa jicho, atanipasua nikiwa tayari. Zuhura na wenzake walinipiga picha siku ya kuniaga, wakaiweka katika ukurasa wa watumishi wa zamani. Maneno aliyaandika yeye, kwa kanuni, bila sifa wala shukrani: "Mwalimu Hemedi, mhifadhi mstaafu, amesimama mlangoni. Ameshika miwani. Anatazama mbele." Ni maneno mazuri. Yameandika kilichopo.

Siku hizi simu hunisomea na mimi. Mwenye haki ya kuomba nigeuzwe ni mke wangu, na faili yangu iko katika folda ya watumishi. Zuhura anajua la kufanya. Kila asubuhi baada ya sala naufungua ukurasa ule, naweka kidole juu ya picha. Leo ilisema amesimama, ameshika miwani, anatazama mbele. Niliiacha isome mara ya pili, kisha ya tatu, kama bibi alivyonifunza.